Mkato Mmoja na Kumbukumbu za Wagonjwa: Alama Maalumu katika Kuunganisha Folda za Mtandao

Katika vituo vya kutolea huduma za afya nchini, vitabu vya MTUHA sasa vinakaa meza moja na kompyuta. Wagonjwa husajiliwa katika mifumo kama GoTHOMIS, na taarifa za kila mwezi huingizwa katika DHIS2. Bonde la Rufiji lina uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili, kwani tangu mwaka 1998 mfumo wa ufuatiliaji wa idadi ya watu na afya, wenye makao yake Ikwiriri, ulikuwa ukiandika kaya kwa kaya habari za waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Taarifa za namna hii hazipaswi kukaa katika kompyuta moja tu. Hata hivyo, kazi ya kupeleka nakala zake kwenye kompyuta nyingine inaweza kukwama kwa sababu ya alama moja ndogo ya uandishi.

Kompyuta mbili zilizo katika mtandao mmoja zinaweza kushirikiana folda. Ile inayohifadhi mafaili huitwa seva. Kompyuta nyingine hupewa amri ya kuunganisha folda ya seva na folda tupu iliyoandaliwa ndani yake yenyewe. Amri ikikubaliwa, mafaili ya seva huonekana humo kana kwamba yako papo hapo. Katika mfumo endeshi wa Linux, unaotumika katika seva nyingi, amri hiyo ni mount. Huambatana na orodha ya masharti: jina la mtumiaji, nenosiri, na kama mafaili yatasomwa tu au yatabadilishwa pia. Masharti hayo huandikwa kwa mfululizo, yakitenganishwa kwa mkato.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Tuchukue mfano wa kufikirika wa kituo cha afya kilichoko Mkongo, kwenye barabara itokayo Kibiti kuelekea Mloka. Mhusika wa takwimu amechagua nenosiri zuri, refu na lenye alama mchanganyiko: Mto,Rufiji$98. Akiliandika moja kwa moja ndani ya amri, nenosiri hilo hupitia kwa wasomaji wawili kabla ya kufika kwenye seva.

Msomaji wa kwanza ni programu inayopokea amri kutoka kwenye kibodi. Kwake, alama ya dola si herufi ya kawaida, bali ni agizo la kuweka mahali pake thamani iliyohifadhiwa kwa jina linalofuata. Hutafuta thamani inayoitwa 9, asiione, kisha hufuta alama hizo mbili. Kinachobaki ni Mto,Rufiji8. Msomaji wa pili ni mount yenyewe. Kwake, mkato ni mpaka baina ya sharti moja na jingine. Hivyo nenosiri huishia kwenye neno Mto, na Rufiji8 huhesabiwa kuwa sharti jipya ambalo halifahamiki. Muunganisho hukataliwa, ilhali mhusika ana hakika kwamba ameandika sawasawa.

Wengi hujaribu kulizungushia nenosiri alama za kunukuu. Dawa hii hutibu nusu ya maradhi. Alama moja moja za kunukuu humzuia msomaji wa kwanza asiiguse dola, lakini huondolewa kabla amri haijamfikia wa pili, naye huukuta mkato ukiwa wazi na kukata pale pale. Wahudumu wa afya wanalijua jambo la aina hii katika cheti cha dawa. Nukta iliyofifia hugeuza 2.5 kuwa 25. Mwandishi hakukosea hesabu, ila alama aliyoitegemea haikusomwa kama alivyokusudia.

Muunganisho unaotakiwa kufanyika kila kompyuta inapowashwa huandikwa katika faili la /etc/fstab. Humo kanuni ni nyingine. Kila mstari una sehemu zinazotenganishwa kwa nafasi tupu. Folda ya seva iliyoitwa Takwimu za Afya itasomwa kama sehemu tatu, hadi kila nafasi tupu iandikwe kwa tarakimu zake: Takwimu\040za\040Afya. Mkwaju wa kinyume wenyewe huandikwa \134.

Kiswahili nacho kina mtego wake: ritifaa katika ng'. Bonde la Rufiji limepokea wafugaji wengi Wasukuma, hasa baada ya kuondolewa kwa mifugo katika Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na majina mengi ya Kisukuma huanza kwa Ng'. Folda yenye ritifaa ikitajwa katika amri bila kinga, programu hudhani kwamba nukuu imefunguliwa na hukaa ikingoja ifungwe. Jina kama hilo lizungushiwe alama mbili mbili za kunukuu. Ifahamike pia kwamba ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, ni herufi mbili tofauti mbele ya kompyuta. Folda iliyoandikwa kwa moja haitapatikana kwa nyingine.

Madhara yake si usumbufu tu. Muunganisho usipofanyika, folda tupu bado ipo. Programu ya kuhifadhi nakala kila usiku inaweza kuendelea kuandika ndani yake bila kulalamika, na nakala zikabaki kwenye diski ile ile ya kompyuta ya kituo. Watumishi huamini kuwa zipo mahali pawili, kumbe zipo mahali pamoja. Katika nchi ya mto inayofurika, kama Rufiji na Kibiti zilivyofurika Aprili 2024, kompyuta hiyo ikizama hupotea pamoja na nakala zake.

Madhara ya pili hutokana na kukata tamaa. Ili kazi iendelee, nenosiri hurahisishwa likawa 12345, au folda huachwa wazi kwa kila aliye kwenye mtandao. Folda hiyo huweza kuwa na majibu ya vipimo vya VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa aliyesema siri yake chumbani kwa daktari hapaswi kufichuliwa kwa sababu ya mkato.

Tiba iliyo bora ni kuliondoa nenosiri katika amri. Kwa folda zinazounganishwa kwa njia ya CIFS, jina la mtumiaji na nenosiri huandikwa katika faili la pembeni, kila kimoja katika mstari wake, kisha amri hupewa sharti la credentials= likifuatiwa na mahali faili hilo lilipo. Humo mkato ni mkato tu na dola ni dola tu, kwa kuwa hakuna anayezisoma kama maagizo. Isiachwe nafasi tupu mwishoni mwa mstari, kwani inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya nenosiri. Faili hilo lipewe ruhusa ya 600, ili mwenyewe peke yake aweze kulisoma. Hii ni salama kuliko kuliweka nenosiri katika /etc/fstab, ambalo kwa kawaida husomwa na kila mtumiaji wa kompyuta hiyo.

Hatimaye, programu ya kuhifadhi nakala itanguliwe na amri ya mountpoint, inayothibitisha kwamba folda imeunganishwa kweli. Jibu likiwa hapana, kazi isimame na mhusika aarifiwe. Mara moja kwa mwezi, nakala moja ifunguliwe kutoka kwenye seva na kusomwa, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibitika kuwa nakala.