Fahamu: Michango ya masajenti wa New York ilivyotafunwa

Chama cha polisi huishi kwa makato ya mishahara. Kila mwezi sajenti hukatwa ada, akitumaini itamtetea akishtakiwa na kuisaidia familia yake akifariki. Ndiyo maana yaliyotokea katika chama cha masajenti wa polisi wa New York, Sergeants Benevolent Association, chenye wanachama wapatao 13,000 walio kazini na wastaafu, yanauma.

Ed Mullins alikiongoza tangu 2002. Kati ya 2017 na 2021 alilipia kwa kadi yake milo ya mikahawa ya kifahari na ununuzi wa binafsi, kisha akajaza fomu za kurudishiwa fedha akidai ni shughuli za chama. Mara nyingine tarakimu ilipandishwa: bili ya dola 500 na ushei ikasomeka 800 na ushei. Fomu moja haishtui mtu. Mamia yake yalifikia zaidi ya dola 600,000.

Oktoba 2021 wapelelezi wa FBI walipekua ofisi za chama, naye akajiuzulu. Alikiri kosa Januari 2023. Agosti akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na kuamriwa kurudisha fedha hizo.