Mteja Amelipa, Kalenda Haijui: Tengeneza Tovuti Yako Kabla ya Jumamosi

Mteja ameingia kwenye tovuti yako, amechagua Jumamosi saa nne asubuhi, ameweka PIN kwa simu yake na dipositi ya shilingi 500 imefika kwa Till. Lakini ukifungua kalenda, saa nne bado iko wazi. Baadaye mteja wa pili anaichukua. Jumamosi ikifika, wote wawili wako mlangoni na kiti ni kimoja.

Kama una saluni Umoja, studio ya picha Buruburu au unakodisha tenti na viti Kayole, unajua siku kama hiyo inakugharimu nini. Kitu cha kwanza watu hulaumu ni malipo. Lakini kama pesa imeshaingia kwa Till, malipo yamefanya kazi yake. Angalia ndani ya tovuti: huenda themu na plagini ya kalenda haziskizani.

Kwanza, linda pesa ya mteja

Kabla ya kugusa tovuti, fungua taarifa ya Till yako. Tafuta kodi ya muamala ambayo mteja amepata kwa SMS. Kwa M-Pesa huwa na herufi na tarakimu 10. Ukiipata, mwandikie nafasi yake kwa mkono na umjulishe. Usimwambie alipe tena "ndio system ikubali." Usipoipata, usishikilie nafasi kwa sababu ya skrinshoti peke yake.

Halafu weka ilani kwenye ukurasa wa kubuku: "Kwa sasa piga simu au tuma WhatsApp." Ni afadhali kupokea simu siku mbili kuliko kurudishia watu pesa wiki nzima.

Kwa nini zinagombana

Themu ni vazi la tovuti: rangi, herufi na mpangilio wa kurasa. Plagini ni programu ndogo unayoongeza ili tovuti ifanye kazi fulani, kama kuonyesha kalenda au kupokea malipo. Kwa tovuti ya WordPress, themu inaweza kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kalenda kwa mwingine na plagini ya malipo kwa wa tatu. Ugomvi wao huja hivi:

- Sura. Themu inalazimisha rangi na vipimo vyake. Tarehe zinakuwa nyeupe juu ya nyeupe, au kitufe cha kulipa kinajificha nje ya skrini ya simu.
- Skripti. Kalenda nyingi hutegemea jQuery, maktaba ya kodi inayofanya tarehe zibonyezeke. WordPress 5.5 ilipotoka Agosti 2020, iliacha kuwasha kifaa kilichokuwa kikisaidia kodi ya zamani ya jQuery, na tovuti nyingi zenye themu kuukuu zikaharibika. Themu ambayo haijaguswa tangu wakati huo bado inaweza kukusumbua.
- Faili za zamani. Themu zingine hubeba nakala yao ya ukurasa wa kulipa. Plagini ikisasishwa, nakala hiyo inabaki nyuma. Malipo yanaweza kupita, lakini tarehe na saa ya mteja zikaachwa njiani.

Kuna pia shida inayofanana na ugomvi lakini siyo: saa. Kama mipangilio ya WordPress bado iko kwa UTC, tovuti iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Aliyebuku saa nne asubuhi anaweza kuonekana saa moja. Ingia mipangilio ya jumla, chagua Nairobi, uhifadhi. Cheki hii kwanza, ni kazi ya dakika moja.

Mtafute mkosaji, hatua kwa hatua

Chagua usiku wa Jumatatu au Jumanne, si Ijumaa jioni wateja wakibuku.

1. Weka bakapu ya tovuti nzima, faili pamoja na hifadhidata. Bila bakapu, usiendelee.
2. Jaribu simu nyingine na brauza nyingine, kisha ufute kashe, yaani nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa ili ufunguke haraka. Kalenda ikifanya kazi baada ya hapo, mkosaji alikuwa kashe.
3. Weka plagini ya Health Check & Troubleshooting. Ni ya bure. Ukiwasha hali yake ya uchunguzi, wewe peke yako ndiye unaona mabadiliko. Wateja wanaendelea kuona tovuti kama kawaida.
4. Ukiwa kwa hali hiyo, washa kalenda peke yake na themu ya WordPress yenyewe, kama Twenty Twenty-Four. Ikigoma hata hapo, tatizo liko kwa kalenda. Isasishe au uandikie waliyoitengeneza.
5. Ikifanya kazi, rudisha themu yako. Ikiharibika papo hapo, umempata.
6. Kama bado iko sawa, washa plagini zingine moja moja, ukijaribu kalenda kila mara. Angalia sana zile za kuharakisha tovuti, kwa sababu huchelewesha skripti ambazo kalenda inangojea.

Ukishampata

Kama ni themu, isasishe. Kama mtengenezaji wake aliiacha zamani, badilisha themu. Kama ni plagini ya kuharakisha, usiitoe. Ingia mipangilio yake uiambie iache ukurasa wa kubuku na ukurasa wa kulipa. Kama ni faili za zamani, fundi anaweza kuzilinganisha na za plagini na kuzisasisha.

Jihadhari na themu za kulipia ambazo mtu anakuuzia kwa bei ya kutupa, au anakupa bure kwa flash. Huwezi kuzisasisha kwa njia halali, na zinaweza kuwa zimefichwa kodi ya wizi. Kwa tovuti inayopokea pesa za watu, hiyo si bei nafuu hata kidogo.

Ukiita fundi, mfungulie akaunti yake ya muda ya usimamizi badala ya kumpa nywila yako, na uifute akimaliza. Hahitaji PIN yako ya simu kwa kazi yoyote ya tovuti. Akiiomba, mwache aende.

Jaribio la mwisho ni la pesa

Usiridhike kwa sababu kalenda inapendeza. Tengeneza huduma ya majaribio ya shilingi 10, ubuku kwa simu ya kawaida ukitumia bando, si Wi-Fi ya ofisi. Kisha thibitisha vitu vinne: SMS ya malipo imekuja, pesa iko kwa Till, jina liko kwenye kalenda kwa saa sahihi, na nafasi hiyo imefungwa kwa mtu mwingine. Vyote vinne vikitimia, toa ile ilani na ufungue kubuku tena. Rudia jaribio hili kila unaposasisha themu, kalenda au plagini ya malipo.