Haya ya Mtoto na Mabadiliko ya Jamii

Mtoto mwenye haya ni yule ambaye, akutanapo na watu au mambo mageni, moyo wake huvutwa pande mbili: hutamani kujiunga na wenzake, lakini hofu humrudisha nyuma. Huyu si sawa na mtoto apendaye tu kucheza peke yake. Je, haya hiyo ni kasoro au ni adabu njema? Uchunguzi uliofanywa nchini China waonyesha kwamba jibu hutegemea mahali na wakati anaokulia mtoto.

Kwa mujibu wa mafundisho ya kale ya Confucius, kujizuia na kunyenyekea ni dalili za ukomavu. Hivyo mtoto mtulivu na msikivu alisifiwa na wakubwa, na wenzake wakamheshimu.

Mwaka 1992 mwanasaikolojia Xinyin Chen na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Shanghai na wa Kanada. Kila mwanafunzi aliombwa ajifanye kiongozi wa mchezo wa kuigiza, kisha achague ni nani darasani mwake afaaye kila nafasi: nani awe mkubwa wa wengine, nani mgomvi, nani mwenye haya. Aliulizwa pia apenda kuwa pamoja na nani. Ilionekana kwamba watoto wenye haya wa Kanada hawakupendwa sana na wenzao, bali wale wa Shanghai walipendwa.

Hata hivyo, jambo hilo halikudumu. Wataalamu walilinganisha wanafunzi wa shule za msingi za Shanghai wa miaka ya 1990, 1998 na 2002. Mwaka 1990 haya iliambatana na kupendwa, kupewa uongozi na kufaulu masomoni. Mwaka 1998 matokeo yalichanganyika. Ilipofika 2002, mtoto mwenye haya alielekea kukataliwa na wenzake, kupata matatizo shuleni na kuwa na huzuni.

Ni nini kilichobadilika? Si maumbile ya watoto. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1978 yalikuwa yameleta mijini maisha ya ushindani, ambamo husifiwa mtu ajiaminiye na athubutuye kusema. Ushahidi mwingine ni kwamba, miongoni mwa watoto waliohamia mjini kutoka mashambani, haya iliendelea kuambatana na heshima na maendeleo mema ya masomo.

Basi, yatupasa kutambua kwamba haya peke yake haimdhuru mtoto. Kinachomjenga au kumvunja ni namna wanavyompokea wale wanaomzunguka. Akidharauliwa kila siku, hatimaye hujidharau mwenyewe. Mzazi au mwalimu amwonaye mtoto akisitasita mlangoni asiharakishe kumkemea wala kumcheka, bali amsubiri na kumpa nafasi. Maana tabia ile ile iliyomfanya mtoto mmoja kuwa kiongozi ilimfanya mwingine, katika mji ule ule, kuwa mpweke.