Ufafanuzi: Nini humfanya mfanyakazi amsaidie mwenzake?

Saa ya kubadilishana zamu katika kituo cha afya ina mengi ya kufundisha. Muuguzi aliyekesha anataka kurudi nyumbani. Anayeingia ni mgeni wa kazi na foleni imekwisha kuwa ndefu. Aliyekesha akibaki kidogo kumwonyesha namna ya kujaza daftari la dawa, wagonjwa watahudumiwa mapema. Akiondoka, hakuna atakayemwadhibu, kwani mkataba wake haumtaki abaki. Kwa wakazi wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, kama kwa mtaa wowote unaotegemea vituo vya aina hiyo, uamuzi huo mdogo una uzito mkubwa.

Msaada wa namna hii, usioandikwa katika mkataba, wataalamu wa utawala huuita uraia mwema kazini. Mmarekani Dennis Organ aliutungia kitabu mwaka 1988. Swali lililobaki ni hili: je, mwajiri anaweza kuuchochea?

Warundi wana mfano wa kale. Katika ikibiri, majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Desturi hiyo hudumu kwa sababu kila mtu anajua zamu yake itafika, na mvivu huonekana na wote. Kazini pia, mtu hutoa msaada akiamini kwamba hautapotea bure.

Imani hiyo hujengwa kwa taratibu za uajiri. Ya kwanza ni kumkabidhi mfanyakazi mpya kwa mzoefu, na kuuhesabu ulezi huo kuwa kazi halali. Ya pili ni tathmini inayouliza pia mtu amewafaa vipi wenzake, si kazi yake binafsi peke yake. Ya tatu ni haki katika upandishaji vyeo, maana anayeona cheo kikitolewa kwa kujuana hufunga mkono wake.

Ya nne ni namna ya kutuza. Sekta ya afya ya Burundi inatupa mfano. Mpango wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na huduma vilizotoa na ubora wake ulijaribiwa kwanza katika mikoa michache kuanzia mwaka 2006, ukaenea nchi nzima mwaka 2010. Fedha huingia katika kituo, na sehemu yake hugawanywa kwa watumishi kama marupurupu. Kwa kuwa huduma huhakikiwa katika madaftari, uzembe wa mmoja unaweza kupunguza fungu la wote. Hivyo kumsahihisha mwenzako ni kulinda pia riziki yako. Hata hivyo, mgawanyo wenyewe usipokuwa wazi, fedha ileile huzaa manung'uniko.

Kinyume chake ni kuwashindanisha wafanyakazi. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikuwa na utaratibu wa kuwapanga watumishi kwa daraja, ambapo baadhi yao hawakuwa na budi kuwekwa chini. Ulilaumiwa kwa kuvunja ushirikiano, kwani anayemwinua mwenzake hujishusha mwenyewe. Uliachwa Novemba 2013.

Lakini tahadhari inahitajika. Msaada ukigeuzwa kuwa amri, huwa kazi ya ziada isiyo na malipo, na mara nyingi mzigo huwaangukia walewale: wapole, wageni wa kazi, wasioweza kukataa. Kituo chenye upungufu wa wauguzi kinahitaji wauguzi zaidi. Moyo wa kujitolea hauwezi kuziba pengo hilo daima.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukitaka kujua kama mahali pako pa kazi panathamini msaada, tazama mambo matatu: nani hupandishwa cheo, marupurupu hugawanywa vipi, na aliyebaki baada ya saa zake kumsaidia mwenzake hupata nini. Majibu yake hueleza zaidi kuliko maneno mazuri yaliyobandikwa ukutani.