Unanunua kibanda cha bustani kwa picha? Itisha picha ya ndani ya paa

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi fundi wa vibanda vya bustani alitafutiwa kazi na kazi yake mwenyewe. Mpita njia aliona kibanda katika ua wa hoteli au wa jirani, akaulizia aliyekijenga, na mapatano yakaanzia hapo. Siku hizi mteja aliyeko Kiambu au Nakuru humwona fundi wa Mtwapa kwenye simu kabla ya kumwona kwa macho. Facebook ilianza mwaka wa 2004, WhatsApp ikafuata 2009 na Instagram 2010, na leo fundi asiyepachika picha za kazi yake mtandaoni ni kama mwenye duka lililofungwa mlango.

Kibanda chenyewe, ambacho wengi hukiita gazebo, si kitu kigumu kukielewa. Ni nguzo nne, sita au nane, paa la makuti, nyasi au vigae, pande zote wazi na viti chini yake. Mwenye mkahawa wa nyama choma hukijenga ili aongeze meza, mwenye nyumba za kukodisha ili wapangaji wapate pa kupumzikia. Kwa mkulima wa Kilifi au Kwale, kibanda hicho ni soko la makuti na la nguzo za mvinje.

Shida ni kwamba picha karibu zote hupigwa siku ile kazi inapokamilika. Makuti ni mapya, yana rangi ya dhahabu, na sakafu imefagiliwa. Siku hiyo hakuna paa baya. Paa lililoezekwa sawasawa na lililopunjwa hufanana kabisa likitazamwa kutoka nje, na mteja aliyetuma arbuni kwa simu hugundua tofauti wakati wa masika, maji yanapomdondokea kwenye sahani.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Chukua kibanda cha mraba ambacho paa lake lina upana wa mita 4 kila upande, na ncha moja katikati. Paa la makuti linahitaji mteremko usiopungua nyuzi 45 ili maji yateremke haraka kabla hayajapenya. Kwa mteremko huo, ncha inapaswa kuwa mita 2 juu ya usawa wa ukingo wa paa. Kila upande utakuwa na urefu wa mita 2.83 kutoka ncha hadi ukingo, na paa lote litakuwa na eneo la karibu mita 22.6 za mraba.

Sasa ezeka kwa makuti ya viungo, yaani yale ambayo majani yamekunjwa na kufungwa kwenye ufito mmoja mmoja. (Makuti ya kumba, yaliyosukwa, ni ya ua na kuta, ukiyaona juu ya paa la kibanda cha bei kubwa, uliza maswali.) Kuti likiwa na urefu wa mita 1, na kila safu ikiwa sentimita 10 kutoka safu iliyo chini yake, utahitaji makuti 226. Ongeza ya akiba, agiza 250. Fundi akizitawanya safu hadi sentimita 15, makuti 151 yanamtosha. Amebaki na makuti 75, theluthi moja ya yale uliyolipia, na kutoka nje hakuna atakayejua.

Tena akilishusha paa hadi nyuzi 30, eneo linapungua kutoka mita 22.6 hadi 18.5 za mraba, na makuti yanapungua tena. Ajabu ni kwamba paa la chini hupendeza zaidi kwenye picha, hasa likipigwa kwa mbali na maua mbele yake. Mteja huvutiwa na ule ule upungufu utakaomletea hasara.

Kwa hiyo picha ya maana ni ile ambayo wengi hawaipigi: ya ndani, mpigaji akiwa amesimama katikati ya kibanda na kuielekeza simu juu. Pale zinaonekana fito, nafasi kati ya safu, kamba zilivyofungwa, na kama kuna matundu ya mwanga. Wewe mteja, itisha hiyo kwanza. Ya pili ni ya kibanda hicho hicho baada ya masika mawili au matatu. Fundi aliyefanya kazi kwa muda hakosi mteja wa zamani wa kumtembelea, na paa lililogeuka kijivu lakini bado limekaa sawa linamsemea kuliko picha kumi za siku ya kwanza.

Picha ya tatu ni ya miguu ya nguzo. Mvinje hukua haraka na wakulima wengi wa Pwani wameupanda kwa ajili ya ujenzi, lakini nguzo yake ikizikwa moja kwa moja ardhini mchwa hawaisazi. Afadhali isimame juu ya zege, ikishikwa na chuma, isiguse udongo. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari. Inasaidia kidogo, ila inachafua udongo na haifai karibu na kisima au mboga.

Boriti za mikoko ni ngumu zaidi, na wafanyabiashara wa Lamu wana majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hata hivyo, misitu ya mikoko nchini Kenya ilitangazwa kuwa ya serikali mwaka wa 1932, na kuuza boriti nje ya nchi kulipigwa marufuku 1982, baada ya karne nyingi za majahazi kuzipeleka Uarabuni. Ukiuziwa boriti za mikoko, itisha kibali. Fundi anayejisifu mtandaoni kwa mikoko asiyoweza kueleza ilikotoka anajipigia picha ya ushahidi.

Kuna pia wanaochukua picha za wenzao, au za hoteli za Bali, na kuziita zao. Si vigumu kuwagundua. Programu ya Google Lens, iliyotoka mwaka wa 2017, humwezesha mwenye simu kutafuta mahali pengine picha hiyo ilipowahi kupachikwa. Njia nyepesi zaidi ni kumpigia fundi simu ya video akiwa kazini na kumwomba azungushe kamera.

Nawe fundi, usijidhulumu. Piga picha asubuhi au jioni, jua lisipokuwa kali. Msimamishe mtu kando ya nguzo ili ukubwa ujulikane. Picha iliyopigwa kutoka chini hufanya kibanda cha mita 3 kionekane ukumbi, na mteja atakuja kulalamika. Chini ya picha andika vipimo, idadi ya makuti, nafasi ya safu na mwaka wa ujenzi. WhatsApp hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, hivyo itume kama faili mteja akitaka kuona fito. Mwombe ruhusa mwenye nyumba kabla ya kuonyesha lango lake kwa dunia nzima. Na kama mkahawa unachoma nyama, usiweke jiko chini ya makuti eti kwa sababu linapendeza pichani: cheche moja inatosha.

Anayesahauliwa katika biashara hii ni mfunga makuti, mara nyingi mama aliyeketi chini ya mnazi na kulipwa kwa kipande. Mnazi hutoa jani jipya takriban kila mwezi, na majani yanayoanguka yenyewe yanatosha bila kukata mabichi na kupunguza nazi. Akina mama wakiungana, simu moja inawatosha kupachika picha ya kuti likiwa limelazwa kando ya futi ya kupimia, upande wa mbele na wa nyuma, pamoja na bei ya mia moja. WhatsApp Business, iliyoanza 2018, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake bila malipo. Fundi wa Nairobi anayehitaji makuti 250 ataweza kuyaagiza kwao moja kwa moja, na kumwonyesha mteja wake risiti.