Katalogi Inapokataa Kufunguka: Upatanifu wa Hifadhidata katika Seva za Nakala Rudufu

Taasisi yenye matawi mengi huwa na seva kadhaa za nakala rudufu, yaani kompyuta zinazotunza nakala ya pili ya data ili ile ya awali ikipotea iweze kurejeshwa, na aghalabu seva hizo zote huongozwa kutoka makao makuu. Katika Bacula, programu huria ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000, kazi hiyo hugawanywa kati ya programu elekezi, inayopanga ratiba na kutoa amri, programu ya hifadhi, inayoandika data kwenye diski au tepu katika kila tawi, na programu ya mteja, inayokaa kwenye kompyuta inayonakiliwa. Programu elekezi hutegemea katalogi, ambayo ni hifadhidata inayoonyesha faili fulani limo katika tepu ipi na liliandikwa lini, nayo kwa kawaida huwekwa katika mfumo wa PostgreSQL.

Katalogi hiyo inapokataa kufunguka, uchunguzi wa hitilafu hupotea njia pale namba tatu za matoleo zinapochanganywa: toleo la Bacula, toleo la PostgreSQL, na toleo la skima, yaani mpangilio wa majedwali na safu ndani ya katalogi. Namba hii ya tatu imeandikwa katika jedwali liitwalo Version, na programu elekezi huisoma kila inapoanza, kisha hukataa kuendelea isipoikuta ile inayoitarajia. Kwa mfano, Bacula 5.2 ikielekezwa kwenye katalogi iliyoachwa na Bacula 5.0, hutoa ujumbe kwamba ilitaka 14 ikapata 12. Anayedhani kwamba ujumbe huo unalalamikia uzee wa PostgreSQL ataisasisha bure, kwa kuwa tiba ni hati ya update_bacula_tables inayokuja na Bacula mpya, ambayo huendeshwa baada ya kutoa nakala ya katalogi, maana hupandisha skima wala haiishushi. Kuibadilisha namba hiyo kwa mkono ili programu iwake ni kosa kubwa, kwani programu itaanza kutafuta safu ambazo hazipo.

Upandishaji huo si mwepesi nyakati zote. Bacula 11 iliondoa jedwali lililokuwa likitunza majina ya faili peke yake na kuyahamishia majina hayo katika jedwali kuu la faili, hivyo katalogi yenye mamilioni ya rekodi huandikwa upya, jambo linalodai muda mrefu na nafasi ya kutosha kwenye diski.

Chanzo kingine cha hitilafu, ambacho huwahangaisha mafundi wengi kwa kuwa hakihusu skima hata kidogo, ni uthibitishaji wa nywila. Tangu PostgreSQL 14, iliyotoka mwaka 2021, nywila mpya hufichwa kwa mbinu ya SCRAM, ambayo maktaba za mawasiliano zilizotangulia toleo la 10 haziifahamu, na kwa hiyo seva ya nakala rudufu yenye maktaba ya zamani hukataliwa hata kama nywila yake ni sahihi. Kuisasisha maktaba ndilo suluhisho la kudumu. Anayerudi kwa muda kwenye mbinu ya zamani ya md5 hana budi kuiweka nywila upya, kwa sababu ile iliyokwisha kufichwa kwa SCRAM haibadiliki kwa kurekebisha mipangilio peke yake.

Usimamizi wa pamoja huongeza sharti la mpangilio: programu elekezi na programu zote za hifadhi zinapaswa kuwa za toleo moja, ilhali programu za mteja zinaweza kubaki nyuma. Kwa hiyo utaratibu wa kusasisha tawi moja wiki hii na jingine wiki ijayo, ingawa unaonekana wa tahadhari, ndio unaozaa hitilafu, na ni afadhali seva zote za hifadhi zisasishwe pamoja na programu elekezi kwa usiku mmoja.

Katalogi ikiharibika, data iliyo kwenye tepu haipotei, kwani zana ya bscan inaweza kuijenga katalogi upya kwa kusoma tepu moja baada ya nyingine, lakini kazi hiyo huenda polepole mno pale matawi mengi yanapokuwa yakisubiri. Fundi mwenye dhamana ya seva hizi na atoe nakala ya katalogi, airejeshe kwenye mashine ya majaribio na kuipandisha huko kwanza, kabla ya kugusa seva yoyote inayofanya kazi.