Unene Si Ngao

"Daktari, nikipunguza mwili, kinga si itashuka?" Swali hili limenichosha. Naulizwa na watu wa Nakuru mjini, Njoro na Molo, na mara nyingi anayeuliza ana ufangasi chini ya matiti usiopona na sukari ambayo hajawahi kupima.

Najua lilikotoka. Miaka ya tisini, kabla dawa za UKIMWI, ARV, hazijawafikia wengi, aliyekonda aliambiwa "ameisha", na mnene akahesabiwa mzima. Ni kweli pia kwamba mwili uliodhoofika kwa njaa huipa TB nafasi. Lakini kuchukua hofu hiyo na kuigeuza imani kwamba kila kilo ya ziada ni ngao ni kosa, na linaua.

Mafuta ya tumboni hayakai bure. Seli zake zikijaa kupita kiasi, baadhi hufa; seli za kinga huja kuzizunguka na kumwaga kemikali za kuita vita, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Mbwa anayebweka usiku kucha, mwizi akija kweli nani ataamka? Mwaka 2017 watafiti wa North Carolina, Marekani, walionyesha kwamba watu wazima wanene waliochanjwa mafua waliugua karibu mara mbili ya waliochanjwa wenye uzito wa kawaida, ingawa kingamwili katika damu zao zilikuwa za kutosha. Askari walikuwepo, nguvu hawakuwa nazo. Homa ya nguruwe ya 2009 na korona ziliwaelemea wanene vivyo hivyo. Unene ukileta kisukari, hatari ya TB huongezeka takriban mara tatu. Ngao gani hiyo? Na wanaohusika si wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi.

Basi fanya hivi. Pima kiuno, kisizidi nusu ya urefu wako. Pima sukari. Chai isiwe na sukari, sukuma wiki au managu zijaze nusu ya sahani, soda na chipsi ziache. Tembea nusu saa kila siku. Chanjo usikose. Majani ya kupunguza tumbo yanayouzwa stejini yanakuharisha tu. Unapoteza maji, mafuta yanabaki. Usijinyime chakula kabisa. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda hospitali ya umma, kipimo cha TB ni bure. Na ukikonda bila kujitahidi, hapo ndipo uje mbio.